Gari limeegeshwa wiki nzima, betri inaisha: ni baridi ya Julai au ni kitu kingine?

SWALI: Fundi, hujambo. Nina Vitz. Tangu ofisi yetu ihamie Upper Hill napanda matatu, na gari linabaki kwenye maegesho ya chini ya ghorofa hapa Kileleshwa. Kila Jumapili nashuka, naliwasha dakika kumi, nalizima, narudi juu. Tangu Juni limenigomea asubuhi mara mbili: taa za dashibodi zinawaka, lakini starta inalia tik-tik-tik, basi. Mlinzi anasema ni baridi. Binamu yangu aliye Minnesota ananiambia niing'oe betri niiweke ndani ya nyumba mpaka Septemba. Betri haijamaliza miaka miwili. Ninunue nyingine?
Msomaji, Kileleshwa

JIBU: Sijambo, dada. Usinunue kwanza. Na sebuleni usiipeleke.

Binamu yako anasema kweli, ila ni kweli ya Minnesota. Huko halijoto hufika nyuzi 20 chini ya sifuri, na betri ya asidi hubakiwa na karibu nusu tu ya nguvu yake. Ikiwa imeisha chaji, maji yaliyomo ndani huganda na kupasua kasha. Nairobi usiku wa Julai tunashuka hadi nyuzi 10 au 11 hivi. Hapo betri hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, na oili ya injini huwa nzito kidogo. Betri iliyojaa haibabaishwi na hayo. Iliyokuwa imebakiwa na chaji kidogo ndiyo hushindwa, na mlinzi akiona imeshindwa asubuhi ya baridi, analaumu baridi. Joto ndilo adui mkubwa zaidi wa betri, na ndiyo maana za Mombasa hufa mapema kuliko za huku.

Sasa tumtafute mwizi mwenyewe. Gari lililozimwa halilali kabisa. Saa, kompyuta, kipokezi cha rimoti, vyote vinanyonya kidogo kidogo. Kwa gari zima, miliampea 20 hadi 50 ni kawaida. Chukua 50: kwa siku moja ni ampea-saa 1.2, kwa wiki ni 8.4. Betri ndogo za Vitz nyingi ni za ampea-saa 35 hivi. Wiki tatu bila kuguswa, 25 zimekwenda.

Na hiyo ni hesabu ya gari lililotoka bandarini vile vile. Magari yetu yana vya kuongezea: traka, alamu, kamera ya dashibodi, na redio kubwa ya kioo iliyofungwa pale Kirinyaga Road. Hiyo redio ichunguze kwanza. Ina waya wa njano unaopaswa kuwa na moto muda wote ili itunze kumbukumbu, na mwekundu unaopaswa kupata moto ufunguo ukiwashwa tu. Fundi mwenye haraka huzifunga pamoja kwenye moto wa kudumu. Redio inafanya kazi vizuri, mteja anaondoka akitabasamu, na usiku kucha redio iko macho.

Kupima si kazi ngumu. Fundi wa umeme anafungua teminali hasi, anaiunganisha mita kati yake na betri, anafunga milango na kusubiri kama nusu saa kompyuta zilale, kisha anasoma. Ikizidi 50 kwa mbali, anachomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke ghafla. Waambie wasiruke ile nusu saa. Wengi huiruka, kisha wanakuuzia alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka, ambayo hukuihitaji.

Ile desturi ya Jumapili, nakuomba uiache. Hata tukiwa wakarimu tuseme ampea 10 nzima zinaingia kwenye betri gari likiwa limesimama, dakika kumi zinakupa ampea-saa 1.7. Wiki imekula 8.4. Juu ya hayo injini haipati joto la kutosha, unyevu unabaki kwenye oili na kwenye ekzosi. Ukitaka kuliwasha, liendeshe dakika 40 au saa nzima mfululizo: Thika Road mpaka Juja urudi, au Southern Bypass asubuhi kabla watu hawajaamka. Kukwama kwenye jamu ya Ngong Road na taa, waipa na feni vyote vikifanya kazi si safari ya kuchaji.

Usipopata nafasi ya kuzunguka, njia rahisi kabisa ni spana ya 10. Fungua teminali hasi, ile yenye alama ya kutoa, uiweke kando isiguse chuma cha betri. Anza na hasi daima. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, utaona cheche ambazo hutazisahau. Hakuna kitakachonyonya tena, na betri yenyewe hupoteza chaji polepole sana kwenye ubaridi wetu huu.

Lakini kuna mambo mawili ya kujua kabla. Kama gari lina traka ya bima au ya mkopo, ipigie simu kampuni husika kwanza, kwa sababu traka nyingi zina kibetri chake ndani na zikikatiwa moto hutuma taarifa kama gari limeibwa. Pili, baadhi ya redio za Toyota zilizokuja na maandishi ya Kijapani hujifunga zikipoteza moto na kudai namba ya ERC, yaani namba ya siri ya kuifungua redio. Nairobi imejaa magari yenye redio zilizokufa kwa sababu hii tu. Kama yako bado ni ile ya Japani, usiguse spana. Nenda na chaja.

Chaja nunua ile ya kisasa inayojipunguza yenyewe betri ikijaa na kuishikilia kwenye volti 13.5 hivi. Muulize msimamizi wa jengo kama kuna soketi ya stima karibu na nafasi yako. Chaja kubwa za gereji zisizojikata usiziache usiku kucha: zinachemsha maji ya betri na kutoa haidrojeni, na maegesho ya chini hayana upepo. Paneli ndogo ya sola kwako haina maana, jua halifiki huko. Hata kwa aliyeegesha nje, asiichomeke kwenye tundu la kiberiti bila kupima, maana kwenye magari mengi tundu hilo hukatika ufunguo ukizimwa.

Sasa betri yako. Kuishiwa mara mbili kumeiumiza kiasi, kwa sababu betri ikikaa bila chaji salfeti ya risasi hujiganda kwenye sahani zake na nyingine haitoki tena. Kuchukua moto kwa jirani kwa jampa kutaliwasha gari, ila usitegemee alteneta iijaze betri iliyokauka hivyo. Ipeleke ichajiwe polepole, ampea 3 au 4, mpaka ijae. Kama ina vifuniko na maji yamepungua, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, kamwe si asidi. Teminali zikiwa na unga mweupe au wa kijani, zioshe kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, zikauke, uzipake grisi.

Iache usiku mzima bila kuunganishwa, kisha pima asubuhi. Volti 12.6 ni nzima. 12.4 ni robo tatu. 12.2 ni nusu, na ikishuka hapo baada ya kuchajiwa kikamilifu, kuna seli inayougua. Ifunge, mwambie mtu awashe gari huku ukiangalia mita: ikianguka chini ya 9.6 starta inapozunguka, nunua nyingine, na ile ya zamani irudishe dukani upunguziwe bei. Ikibaki juu ya 10, pesa yako mpe fundi wa umeme afuatilie ule waya mwekundu wa redio.