Tangi la petroli linavuja kwenye boti kuukuu ya faiba: kuziba, kubadilisha au kuongeza ukubwa?

Mkuu, nimekusoma. Boti ya faiba ya futi 26 ya miaka ya 1990, mashine mbili za tustroki, tangi la aluminiamu la lita 400 chini ya deki, na kila asubuhi ukifunua ngama, lile shimo la chini kabisa ndani ya boti, unakutana na harufu ya petroli. Fundi wa kwanza anataka kumwaga dawa ya kuziba ndani ya tangi, wa pili anataka kubandika faiba kwenye tundu, na wewe unawaza kwamba deki ikishafumuliwa, bora uweke tangi la lita 600 kabisa. Ya kwangu niliifumua hapa Kunduchi wakati wa kusi, na nimesimamia za wenzangu baada ya hapo, kwa hiyo nivumilie, ni kirefu.

Kabla ya yote, usiwashe chochote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala ngamani, na ukishafika asilimia moja na nusu hivi ya hewa iliyomo, cheche moja inatosha. Kiberiti si tatizo peke yake. Swichi ya pampu ya kutoa maji inatoa cheche, stata inatoa cheche, hata waya wa betri ukiubandua. Fungua mifuniko yote, upepo upite siku nzima, ndipo uguse betri. Abiria wa kisiwa cha Mbudya watafute boti nyingine.

Dawa ya kuziba isahau. Zile dawa zinafaa kwenye tangi la pikipiki, unaloweza kulishika mkononi, kulisuuza na kulikausha. La kwako limezikwa, lina kuta za ndani za kupunguza msukosuko wa mafuta, na nyuma ya kuta hizo hakuna dawa itakayofika sawasawa. Kubandika faiba ndiyo kabisa: resini haishiki vizuri juu ya aluminiamu iliyokwisha kufanya unga mweupe. Na hilo tundu ulilopata ni la kwanza tu kujitokeza.

Sasa tuje kwenye chanzo, maana mafundi wote wawili wamelirukia tundu bila kuuliza limetokea wapi. Petroli haikuliua hilo tangi. Boti nyingi za zama hizo, tangi liliwekwa kwenye shimo lake, pembeni likamiminiwa povu ili lisicheze, kisha deki ikafungwa juu. Povu likikaa miaka linaachana na bati, maji ya chumvi yanaingia kwenye ule mwanya na hayatoki tena. Aluminiamu inajilinda kwa utando mwembamba unaojirudisha wenyewe ikipata hewa. Ikibanwa na povu bichi la chumvi haipati hewa, utando haurudi, na chumvi inachimba vishimo mpaka inatokea upande wa pili. Ndiyo maana tangi hizi huoza chini na kwenye pembe, huku juu bati linang'aa. Ukinunua tangi jipya ukalilaza kwenye povu lilelile, umenunua ugonjwa uleule.

Kufumua. Nyonya petroli yote kwa pampu ya mkono, peleka madumu nchi kavu mbali na boti, ziba matundu yote ya tangi, kisha iache boti ipitwe na hewa tena. Grainda isionekane mpaka uhakikishe hakuna harufu hata ukiinamisha kichwa ngamani. Gonga deki ujue mataruma, zile mbavu zinazoishikilia, yako wapi, kata ndani yake kidogo ili ubaki ukingo wa kukalia kipande ukikirudisha, na weka kina cha msumeno kiishie kwenye unene wa deki tu, kwa sababu tangi liko hapo hapo chini. Kipande chenyewe kitunze. Ushauri wangu usikirudishe kwa kukifaibia moja kwa moja. Kifunge kwa skrubu na gundi ya baharini ya kuzibia, kiwe mfuniko. Atakayelifungua tena atakushukuru, na huenda ni wewe.

Angalizo moja: kwenye boti nyingine lile povu ndilo lililokuwa likiisaidia kuelea ikijaa maji, na wakati mwingine linashikilia deki. Ukilitoa, fidia kwingine, tezini (nyuma ya boti) au chini ya viti, kwa povu lililofungwa lisilonywa maji.

Ukubwa. Hapa tutabishana. Lita 200 za nyongeza ni karibu kilo 150 za petroli, utakazozibeba hata ukienda kisiwa cha Bongoyo tu na kurudi. Uzito huo ukisogea nyuma, boti inakaa tezi na kuchelewa kupanda juu ya maji, na unachoma mafuta mengi kubeba mafuta. Mimi ningepunguza. Kama una mpango wa kuhamia mashine za fostroki, zinakunywa pungufu ya hizo za kabureta, hivyo lita 320 zitakupa masafa yaleyale au kuzidi. Tangi dogo pia linakuachia nafasi ya hewa kuzunguka pande zote, na hiyo nafasi ndiyo unayoitafuta.

Bati: aluminiamu ya baharini, daraja la 5083 au 5052, unene milimita 4 au 5. Ukienda kwa mafundi wa Gerezani utaonyeshwa bati lolote linalong'aa, na mafundi wa madirisha watakwambia wanaweza. Tafuta fundi anayechomelea kwa gesi ya agoni na mwenye kazi za aina hii za kukuonyesha. Stenlesi inapendeza machoni, lakini ikikaa kwenye unyevu usio na hewa inatoboka kwenye viungo vya kuchomelea. La plastiki halioi, nalikubali, ila likipata petroli linavimba asilimia 2 au 3 hivi, kwa hiyo usilipime likagusa kuta. Matundu yote yawe juu ya tangi, hata la kutolea uchafu. Na usifunge kiungo cha shaba moja kwa moja kwenye aluminiamu. Katikati pawe na stenlesi.

Kitanda cha tangi ndiyo kazi yenyewe. Weka vipande vya mpira mgumu usionyonya maji, vielekee omo (mbele) na tezi ili maji yateremke, na kila kipande kigundishwe kwenye bati kiasi kwamba tone halipiti kati yake. Zulia hapana. Mbao iliyotiwa dawa ya kijani pia hapana, ile dawa ina shaba na inakula aluminiamu. Pembeni bana kwa vishikizo, usimimine povu.

Mipira ya mafuta badilisha yote. Tafuta iliyoandikwa ISO 7840, iliyopimwa kustahimili moto. Ule wa kujazia ufungwe kwa klipu mbili kila mwisho, wa kupumulia upande juu kabla ya kutoka ubavuni. Kama kifuniko cha kujazia ni cha chuma, kiunganishe kwa waya na tangi hadi hasi ya boti, hasa kwa sisi tunaojaza kwa dumu na faneli za plastiki, maana umeme tuli huzaliwa hapo.

Kabla ya kufunga deki, jaribu uvujaji. Usilete kompresa ya gereji. Upepo wa psi 30 wa tairi utalivimbisha tangi mpaka liharibike. Unaotakiwa ni psi 3 tu, na geji ya tairi haisomi hapo vizuri. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukunje umbo la U, tia maji, unganisha mwisho mmoja na tangi, pampu ya baiskeli kwenye tundu jingine. Maji ya pande mbili yakitofautiana kimo mita 2, yaani karibu hiyo psi 3, acha kupampu, paka sabuni kwenye viungo. Fanya kivulini alfajiri, jua likilipiga tangi maji yatapanda yenyewe na kukudanganya. Rudia ukishaunganisha mipira, kabla ya mashine.

Mwisho, usiiamini geji mpya. Jaza kwa dumu la lita 20, moja moja, boti ikielea na watu wake wa kawaida, na kila dumu weka alama mahali sindano ilipo. Kwenye tangi lenye kitako cha V, nusu ya geji si nusu ya mafuta, na tofauti hiyo ni bora uijue ukiwa Kunduchi kuliko njia ya kutoka Mafia.