Maswali yenu kuhusu polisi, rumande na wanaodai mabadiliko

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu wenye ndugu walio ndani. Nimeanza na hilo.

Mdogo wangu yuko rumande tangu mwaka jana. Kila kesi ikitajwa tunaambiwa upelelezi haujakamilika. Inaruhusiwa?

Poleni sana nyumbani. Duniani kote, takribani mtu mmoja kati ya kila watatu walioko gerezani bado hajahukumiwa. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 9, unataka aliyekamatwa kwa kosa la jinai afikishwe upesi mbele ya hakimu, kisha ahukumiwe katika muda unaofaa au aachiwe. Unasema pia kwamba kumweka mshtakiwa mahabusu kusiwe ndiyo kawaida. Kwa upande wa Afrika, Miongozo ya Luanda ya 2014, inayohusu kukamatwa na kuwekwa mahabusu, inasisitiza hayo hayo.

Tatizo ni kwamba anayebaki ndani mara nyingi si yule mwenye kosa zito. Ni yule asiye na fedha ya dhamana wala mdhamini. Kazi inapotea, kodi ya nyumba inalimbikizana, na mwisho anakiri kosa hata kama hakulitenda, ili tu atoke. Kwangu mimi hakuna uonevu mkubwa kuliko huu katika mfumo mzima wa jinai. Na unaweza kuondolewa: mwaka 2023 Illinois lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kufuta kabisa dhamana ya fedha. Huko jaji huangalia kama mshtakiwa ni hatari au atatoroka, haangalii mfuko wake.

Kwa mdogo wako, mwombeni wakili arudishe ombi la dhamana au la kupunguziwa masharti. Na kila kesi ikiahirishwa, andikeni tarehe, sababu iliyotolewa na nani aliyeitoa. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha jinsi kesi ilivyocheleweshwa.

Kaka yangu amefungiwa peke yake wiki ya tatu sasa. Kuna kikomo?

Kipo. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinakataza kumtenga mfungwa kwa saa 22 au zaidi kwa siku, bila mawasiliano ya maana na binadamu mwenzake, kupita siku 15 mfululizo. Mwandikieni mkuu wa gereza leo, mtaje tarehe aliyotengwa, na nakala ipelekwe kwa tume ya haki za binadamu ikiwa nchini mwenu ipo.

Naona maandamano, halafu kimya. Hivi vikundi vya wananchi vimewahi kubadilisha nini?

Nchini Uganda, Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400 waliosubiri kunyongwa waliishtaki serikali. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba jaji hawezi kulazimishwa kutoa adhabu ya kifo bila kupima mazingira ya kosa. Kesi nyingi zikarudishwa ili adhabu zisikilizwe upya. Kigula alisomea sheria akiwa humo humo gerezani, na mwaka 2016 akatoka.

Florida nako, nchini Marekani, watu waliowahi kufungwa, wakiongozwa na Desmond Meade, walikusanya saini hadi suala la haki yao ya kupiga kura likafika kwa wapiga kura wenyewe mwaka 2018. Walishinda, wakivuka asilimia 60 iliyotakiwa. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likaweka sharti kwamba kwanza walipe faini na ada zote za mahakama, na maelfu wakabaki nje tena. Kwa hiyo ndugu yangu, kimya unachokiona baada ya maandamano kinanitia hofu kuliko maandamano yaliyoshindwa. Sheria ikishapita, lazima abaki mtu wa kuilinda.

Mimi nilivamiwa usiku nyumbani kwangu. Mbona mnawatetea wahalifu?

Pole kwa yaliyokupata, na hasira yako ni ya haki. Lakini anapobambikiwa kesi mtu mwingine, aliyekuvamia bado yuko mtaani. Marekani pekee, tangu 1989, zaidi ya watu 3,000 waliohukumiwa wameonekana baadaye kuwa hawakuwa na hatia. Nyuma ya kila mmoja wao, kama kosa lilitendeka kweli, yupo mwathiriwa kama wewe ambaye hakupata haki yake. Upelelezi wa kweli ni dai lako pia.

Polisi akimpiga raia, nani amchunguze?

Asiwe polisi mwenzake. Ireland Kaskazini ina ofisi huru ya kupokea malalamiko dhidi ya polisi tangu 2000, nayo ina wapelelezi wake. Ofisi ya aina hii ikianzishwa kwenu, ulizeni nani anaajiri wapelelezi, na kama wanaweza kuchukua vielelezo kituoni bila kuomba ruhusa. Bila hayo, itabaki kupokea barua tu.

Tuko majirani wachache, hatuna wakili wala fedha. Tuanzie wapi?

Mahakamani. Kesi nyingi husikilizwa hadharani, na yeyote anaruhusiwa kukaa nyuma kimya. Gawaneni siku, mwandike nani kanyimwa dhamana, kwa kosa gani, na kama alikuwa na wakili. Msichapishe majina ya watoto wala ya waathiriwa. Baada ya miezi michache mtakuwa na rekodi ya kumpelekea hakimu mfawidhi na mbunge wenu, nanyi mtajua ni familia zipi za kuziita kwenye mkutano wa kwanza.