Kwa mnaoanza kutafuta antibiotiki kwenye udongo

Wadogo zangu mlioingia maabara mwaka huu, kazi hii inataka subira. Streptomyces, jamii ya bakteria wa udongo iliyotupatia antibiotiki ya streptomaisini mwaka 1943, hukua polepole. Wakati E. coli, bakteria wa utumbo, hujaza sahani ya kuoteshea kwa usiku mmoja, hawa huchukua wiki moja hadi mbili. Kausheni udongo kwanza, maana spora zao, yaani chembe zao za kuzaliana, hustahimili ukavu ambao bakteria wengine wengi hawauwezi. Koloni zao, yaani vikundi vinavyoota kwenye sahani, ni kavu, zina unga juu kama ukuta uliopakwa chokaa, na zimeng'ang'ania agari, ule ute mgumu wa kuoteshea, hata kitanzi, kile kiwaya cha kuchotea bakteria, kinapata tabu kuzichota. Usiinamie sahani kuinusa. Harufu ile ya ardhi iliyonyeshewa itakufikia yenyewe.

Siku utakapoona duara wazi kuzunguka koloni, pale ambapo bakteria wa majaribio wameshindwa kuota, furahi, una haki. Ila usilipime kwa rula ukadhani umepima nguvu ya dawa. Molekuli ndogo husambaa haraka ndani ya agari, kubwa hujikokota, kwa hiyo duara dogo linaweza kuwa la dawa kali sana. Pima pia pH, yaani kiwango cha asidi au besi, kwani asidi peke yake huweza kuzuia bakteria wasiote.

Wengi hupotezea dawa kwenye hatua ya kuikamua. Wanatikisa kimiminika cha kuoteshea na ethili asetati, kiyeyushi kisichochanganyika na maji, wanachukua tabaka la juu lenye kiyeyushi hicho, maji wanayamwaga. Streptomaisini hubaki kwenye maji hayohayo! Erithromaisini, antibiotiki nyingine, huhamia kwenye kiyeyushi pH ikiwa ya besi, lakini kwenye asidi inaharibika. Basi jaribuni matabaka yote mawili, kwa pH tofauti, kabla ya kumwaga chochote.

Halafu ulizeni: je, kitu hiki kinajulikana tayari? Streptothrisini, antibiotiki ya zamani, hujitokeza mara kwa mara kwenye udongo, na huumiza figo. Kipimo cha uzito wa molekuli kikifanyika mapema huokoa miezi ya kazi. Angalieni pia kinaua nani. Kikiua bakteria Staphylococcus, asiye na utando wa nje, na kumwacha E. coli, huenda molekuli ni kubwa mno kupita utando wa nje wa E. coli, kama ilivyo kwa antibiotiki ya vankomaisini.

Kisicho kamili msikitupe. Antibiotiki ya rifamaisini ya mwanzo haikufyonzwa vizuri ikimezwa. Wakemia wa Milan waliirekebisha ikawa rifampisini, na majaribio yaliyofanyika hapa Afrika Mashariki, yaliyochapishwa 1972, yakaonyesha kuwa, dawa hiyo ikiwemo kwenye matibabu, kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi 6.

Na spora za koloni iliyokupa duara zihifadhi mapema kwenye gliseroli, ndani ya friza ya nyuzi -80. Ukizihamisha kutoka sahani hadi sahani, zinaweza kuacha kabisa kutengeneza dawa.