Gari-nyumba, lakini msidanganyike na hesabu

Swali lenu la wiki hii limeuliza: mke na mume wakipata likizo ya kiangazi, walale hotelini au wakodi gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake? Mimi nachagua gari-nyumba. Ila zile sababu mbili zinazotajwa sana, kwamba linaokoa pesa na kwamba linapumzisha, nazikataa zote.

Tuanze na pesa. Tunaishi Minnesota, na kiangazi kilichopita tulikwenda hifadhi ya Yellowstone, kule Wyoming, tukiwa wawili tu, watoto tukawaacha kwa shangazi yao. Ni karibu kilomita 1,600 kwenda tu. Tulikodi gari la ukubwa wa kati, lile lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva. Gari la namna hiyo linakwenda kilomita 3 na nusu hadi 4 kwa lita moja ya petroli, kwa hiyo hujamwona hata dubu mmoja na lita 400 zimeshateketea. Weka kodi ya gari, bima, malipo ya kila maili inayozidi kiwango, na ada ya kila kiwanja unachoegesha kulala. Gari dogo na vyumba vya kawaida kando ya barabara kuu vingetugharimu hivyo hivyo, pengine pungufu.

Na kupumzika? Anayetaka kupumzika akalale kwa mama yake. Umehama na nyumba nzima, na kazi za nyumba zimekufuata. Chini ya gari kuna matangi matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. Ukifika kiwanja chenye bomba la majitaka unavaa glavu, unaunga mpira mnene, unafungua la choo kwanza, kisha lile la maji ya sabuni ili yausafishe mpira. Wengi wakishaunganisha huacha koki ya choo wazi muda wote, wakidhani wamejipunguzia kazi. Maji hutangulia, uchafu mzito hubaki humo humo ukaganda, na siku ya kurudisha gari utaijua harufu yake. Koki ifungwe mpaka tangi likaribie kujaa. Hapa sisi watu wa kopo tuna nafuu, maana tangi la choo linapenda maji mengi, na sisi maji hatuyabanii. Mume wangu alilisema hili kwa fahari kubwa, kana kwamba magari haya yalibuniwa Tanga.

Barabara nazo zina masharti. Jambo la kwanza alilofanya Baba Salma ni kuandika kimo cha gari kwenye karatasi na kuibandika mbele ya usukani: zaidi ya futi 11. Ukifika Custer State Park, kule South Dakota, utaona kwa nini. Njia ya Needles inapita kwenye handaki lililotobolewa kwenye mwamba, upana wake kama futi 8 tu, na kimo chake hakifiki 10. Basi ile njia nzuri tuliiacha. Kuvuka milima ya Bighorn tulichagua barabara namba 16, inayopanda hadi karibu mita 2,950, tukaikwepa 14A kwa ule mteremko wake mkali. Hata hiyo 16 tuliishuka kwa gia ndogo, kama madereva wa malori wanavyoshuka mlima wa Kitonga, kwa sababu breki za gari zito zikipata moto hazikusikilizi tena.

Sasa mtaniuliza, gharama haipungui, kazi haiishi, unachagua nini hapo? Nachagua saa. Hoteli nyingi za bei ya kueleweka upande wa mashariki wa Yellowstone ziko mji wa Cody, na kutoka Cody hadi Fishing Bridge, ndani ya hifadhi kando ya ziwa Yellowstone, ni kama kilomita 130 za barabara ya milimani. Anayelala Cody anafika ndani ya hifadhi jua limeshawaka, pamoja na wenzake wote. Mwaka 2023 hifadhi hii ilipokea wageni zaidi ya milioni 4, na wengi wao huja miezi hii hii. Kufikia saa nne asubuhi baisani mmoja, yule nyati wa Marekani, akisimama kando ya lami, msururu wa magari nyuma yake unapotelea kwenye kona. Kweli, Lake Hotel iko ndani humo humo tangu 1891, ila bei zake ni za watu wengine. Waliowahi kulala Seronera, kule Serengeti, wanalijua hili vizuri: mnyama ni yule yule, ila wa alfajiri ni wako.

Sisi tulilala Fishing Bridge. Kiwanja hicho hakiruhusu mahema, ni magari yenye kuta ngumu peke yake, kwa sababu dubu wa kahawia wanapita eneo hilo. Ujanja ni kufungasha usiku: maji yatolewe, mpira uoshwe na kurudishwa, vyombo vifungiwe kabatini, ubaki waya wa umeme tu. Kabla ya saa kumi na moja na nusu tulikuwa njiani, na baada ya mwendo mfupi tukaegesha pembeni kwenye bonde la Hayden. Ni mwezi wa saba lakini baridi ilikuwa ya kuvaa sweta mbili. Nikawasha jiko, nikabandika chai ya maziwa na iliki. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mto, na ndani yake tukaanza kusikia mikoromo kabla ya kuona chochote. Kisha wakatoka, majike na ndama wao wenye rangi ya chungwa, wakavuka barabara mbele yetu bila haraka. Sheria inataka ukae mita 23 mbali na baisani, na mita 91 mbali na dubu. Wao hawajaisoma, dume moja lilipita karibu na kioo changu kiasi cha kuona matope yaliyokauka kwenye ndevu zake. "Mama Salma, usishushe kikombe," Baba Salma akaninong'oneza, sijui kwa nini kikombe.

Hapo ndipo pesa yetu ilipokwenda, na naona ilikwenda pazuri.

Kwa wapishi, neno moja. Ziwa lile liko mita 2,350 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji yanachemka kwenye nyuzi 92, hayafiki 100. Maharage yangu ya nazi yalikaa jikoni jioni nzima na bado yaligonga meno. Chukueni ya kopo, au sufuria ya presha, na muwe na mtungi wa gesi uliojaa.

Kama likizo yenu ni ya siku chache, au mmoja wenu hawezi kuamka mapema, chukueni hoteli msijitese. Wenye nafasi wawahi kuweka kiwanja miezi mingi kabla, maana vya ndani ya hifadhi huisha. Sisi mwakani tunaitazama hifadhi ya Glacier, kule Montana. Lakini barabara yake ya Going-to-the-Sun hairuhusu gari lenye urefu unaozidi futi 21 kupita sehemu ya juu, kwa hiyo itabidi tukodi kile kidogo chenye umbo la basi la abiria tisa. Choo chake kiko chini ya kiti, na Baba Salma ameshaanza kulalamika.

Mama Salma, Minnesota