Jibu nililompa mpiga ngoma wa London wakati wa korona, kabla ya 29 Januari 2021 (ruzuku yenyewe iliisha 2021): shoo zake zilikatwa, akaogopa kuomba ruzuku kisa viza

Pole sana kaka, nimekuelewa, mi napiga kinanda kwenye harusi hapahapa London na tangu Machi 2020 kimelala chini ya kitanda. Ruzuku ya korona ambayo serikali ya Uingereza inawapa waliojiajiri omba tu, haihesabiwi kwenye ile misaada ya serikali uliyokatazwa na viza. Kama ritani ya kodi ya 2018/19 ulipeleka, 2019/20 ulikuwa bado unapiga, faida haizidi pauni 50,000 na angalau nusu ya kipato chako ni hiyo ngoma, basi raundi hii ya tatu wanatoa asilimia 80 ya wastani wa faida ya miezi mitatu, mwisho pauni 7,500, dirisha linafungwa 29 Januari 2021. Ingia mwenyewe tovuti ya serikali, mhasibu haruhusiwi kukuombea, na meseji yoyote yenye linki futa, mi nusura niwape matapeli namba ya benki! Tunza ushahidi wa shoo zilizokatwa, mi nimepiga skrinishoti meseji za mabibi harusi wote. Hiyo ruzuku usiile yote, inatozwa kodi. Ila Universal Credit, ule msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, usiiguse kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji, hiyo ndo inaweza kukuharibia viza.