Kumpima chipukizi wa hoki ya barafu kabla ya drafti

Umeuliza kama idadi ya mabao inatosha kuwapima vijana kabla ya drafti ya NHL, yaani siku timu za ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini zinapochagua chipukizi kwa zamu. Haitoshi, ndugu yangu. Anza na tarehe ya kuzaliwa: anayetimiza miaka 18 kufikia Septemba 15 anaingia drafti ya mwaka huo, wa Septemba 16 anasubiri inayofuata. Hivyo vijana wa drafti moja wanaweza kupishana karibu mwaka mzima; usiwalinganishe kijuujuu. Kisha mtazame asipokuwa na kile kisahani cha raba. Je, anageuza shingo kuchungulia nyuma ya bega kabla pasi haijamfikia? Hilo nalithamini kuliko shuti kali. Umbo dogo lisikutishe; Mrusi Pavel Datsyuk alichaguliwa wa 171 mwaka 1998, timu ya Detroit ikapata fundi kwelikweli. Mwisho, rudi umtazame kijana wako akicheza ugenini, timu yake ikiwa nyuma kwa mabao mawili.