Kabla hujapanda treni ya kazi, bandika jina lako kwenye sanduku la barua

Mdogo wangu, hongera kwa kazi ya Köln, Ujerumani. Umeuliza utaizoeaje baridi, lugha, na hizo safari za kila wiki za Uholanzi na Ubelgiji zilizomo kwenye mkataba wako. Mimi nilifika mji huohuo 2023, fundi wa mitambo ya kufungashia bidhaa viwandani, na kwa miaka miwili ya mwanzo nilikuwa naondoka Jumatatu alfajiri, narudi Alhamisi usiku. Baridi isikunyime usingizi, koti zito na viatu visivyopitisha maji vinatosha. Mimi nataka nikueleze kwanza habari ya sanduku la barua.

Nyumba za ghorofa za huku kwa kawaida hazina namba za milango. Anuani ni mtaa na namba ya jengo, basi. Mleta barua anasimama mbele ya safu ya masanduku pale chini, anasoma majina. Asipoliona jina lako, barua inarudi ilikotoka. Nilipohamia, sanduku langu lilikuwa bado na jina la mpangaji aliyetoka, nikasema nitalibadilisha mwisho wa wiki. Nikaenda Liège kule Ubelgiji, nikaenda Eindhoven kule Uholanzi, nikarudi tena Liège. Kumbe wiki hizohizo nimetumiwa namba ya kodi, ile ya tarakimu 11, inayokuja kwa posta ukishajiandikisha. Mwajiri asipokuwa nayo anaweza kukukata kodi ya mshahara kwa daraja la 6, na hakuna daraja linalokata kuliko hilo. Ile karatasi ya mshahara wa kwanza niliisoma mara tatu nikiwa nimekaa kitandani na koti mwilini, maana nilishamwahidi mama hela ya mabati kule Tanga. Hela zilizokatwa zilirudishwa baadaye, lakini mvua za masika zilimkuta mama na paa bovu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo ukipata nyumba, mwenye nyumba akujazie fomu ya kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Wenyewe wanaiita Wohnungsgeberbestätigung. Uende nayo ofisi ya manispaa ujiandikishe ndani ya wiki mbili. Miadi ni ya kugombania, anza kuitafuta mapema. Na jina libandike siku hiyohiyo unapoingia, hata kwa kipande cha karatasi na selotepu.

Safarini, pasipoti na kadi ya ukaazi ziende pamoja. Tangu Septemba 2024 Ujerumani inakagua watu kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Mwanzoni mwa 2025 nilikuwa natoka Liège, treni ilipofika Aachen, upande wa Ujerumani, askari wakaingia. Kadi ninayo, pasipoti iko kabatini nyumbani. Nilishushwa nikakaa kwenye benchi karibu saa mbili hadi walipojiridhisha. Hawakunionea, sheria inataka vyote viwili. Kadi hiyo inakuruhusu kukaa nchi nyingine za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza ya pamoja, siku 90 ndani ya kila siku 180, basi zihesabu, ziandike kwenye daftari. Na ruhusa ya kutembea si ruhusa ya kufanya kazi. Mwajiri akupatie cheti cha A1 kinachoonyesha kwamba bima zako za jamii zinalipwa Ujerumani, na kwa Ubelgiji atoe taarifa ya Limosa, yaani aiarifu serikali ya huko kwamba unakuja kufanya kazi kwa muda. Omba nakala kabla hujaondoka. Usione haya kumsumbua mtu wa ofisini, maana atakayeulizwa kiwandani ni wewe.

Upweke ndio ulionitesa zaidi. Jumapili maduka yamefungwa, jengo zima kimya, na Desemba jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi, saa kumi na nusu jioni limeshazama. Nikitoka kazini nikafika hotelini saa nne usiku, Tanga ni saa sita, mama amelala. Kijerumani nacho hakikuingia, kwa sababu hotelini ni Kiingereza na kiwandani ni Kiingereza. Mwaka mzima na nusu bibi wa ghorofa ya chini alinipokelea vifurushi vyangu, nami sikuwa na la kumwambia zaidi ya asante.

Nilimwandikia bosi barua nikaomba safari ziwe wiki moja ndani, moja nje, ili nisome lugha. Nilidhani atakataa. Alikubali, akaniuliza mbona nilichelewa kusema. Wewe omba mapema, hata kabla ya kumaliza kipindi cha majaribio. Nilipofikia B1, kiwango cha kati cha lugha, nilishuka kwa yule bibi na kahawa ya Kilimanjaro niliyotoka nayo likizo. Tulikaa jikoni kwake mpaka giza likaingia, akinieleza habari za marehemu mumewe, nami naelewa. Sasa nikisafiri ufunguo wa sanduku langu anakaa nao yeye.

Ukipata tarehe ya kufika niambie. Ikiwa ni wiki yangu ya kuwepo nitakupokea stesheni, ila jitahidi isiwe Jumapili, ili tupitie maduka ya Waturuki pale Ehrenfeld ununue unga wa mahindi.